Mhina Tunao, Hina Tunaagiza

Idd inapokaribia, biashara ya hina huchangamka Mji wa Kale wa Mombasa, Darajani Unguja na Kariakoo Dar es Salaam kuliko msimu mwingine wowote. Vipakiti vya unga wa kijani hupangwa mbele ya duka, koni zilizokwisha kujazwa huwekwa kwenye friza, na wapambaji huanza kuandika majina ya wateja mapema kwa sababu usiku wa kuamkia sikukuu hakuna tena nafasi. Msimu wa harusi nao una pilikapilika zake. Geuza pakiti usome nyuma: aghalabu imetoka India, mara nyingine Pakistani. Nyuma ya nyumba ileile anamopambwa bi harusi, mhina wa bibi umesimama karibu na kisima, majani tele, na pengine mara ya mwisho ulichumwa mtoto alipoota fangasi za vidole.

Hili ni suala la uchumi na linastahili kutazamwa hivyo. Pwani ya Afrika Mashariki ina mti, ina mnunuzi wa uhakika, na ina mafundi ambao mikono yao inasifika hadi Maskati. Inachokosa ni kazi ya katikati: kukausha, kusaga, kuchekecha, kupima na kufunga. Faida ya hina imo humo katikati, na ndiyo tunayowalipa wengine kila tunaponunua koni.

Mhina, au Lawsonia inermis kwa jina la kitaalamu, ni kichaka cha ukoo mmoja na mkomamanga. Usipokatwa hufika mita 2 hadi 6. Hutoa maua madogo meupe yenye harufu nzito, kisha vitunda vya mviringo vilivyojaa mbegu ndogo ndogo. Kwa asili ni mmea wa nchi za joto na ukame kuanzia Afrika hadi Asia Kusini, na katika nyika za Kenya na Tanzania huota wenyewe kandokando ya mito ya msimu. Hauhitaji udongo wa kifahari. Mvua ikija hukua kwa haraka, ikikatika hutulia na kungoja. Ukame ukizidi, majani hugeuka manjano yakapukutika, lakini shina hubaki hai na mvua inayofuata huliamsha. Adui wake mkubwa ni baridi. Halijoto ikishuka chini ya nyuzi 5 mhina hufa, ilhali kwenye nyuzi 35 hadi 45, pale mahindi yanapokunja majani, ndipo unapotengeneza rangi nyingi zaidi.

Kwa mkulima wa nchi kavu hilo ni jambo la kuzingatia. Mazao mengi hupungua ubora jua linapokuwa kali, lakini jani la mhina uliokua kwenye joto kavu ndilo lenye thamani sokoni.

Anayetaka kuona biashara hii ilivyo ikifanywa kwa dhati aangalie mji wa Sojat, wilaya ya Pali, jimbo la Rajasthan nchini India. Pali hupata mvua ya milimita 400 na ushei kwa mwaka, karibu yote kati ya Julai na Septemba, na mara kwa mara hukosa hata hiyo. Wakulima wa huko walijifunza kwamba mtama na ufuta huanguka mwaka mbaya, lakini mhina haukosi kutoa angalau kidogo. Leo mashamba ya mhina yametanda wilayani humo kwa makumi ya maelfu ya hekta, na Taasisi Kuu ya Utafiti wa Kanda Kame ya India, CAZRI, yenye makao yake Jodhpur na kituo pale Pali, imelifanyia zao hili kazi kubwa ya utafiti, kuanzia mbegu hadi nafasi ya upandaji.

Utaratibu wao ni huu. Mbegu ni ngumu kuota, kwa hiyo hulowekwa siku kadhaa maji yakibadilishwa kila siku, kisha huchanganywa na mchanga na kumwagwa kitaluni mnamo mwezi wa Machi. Mvua za Julai zikilowesha ardhi, miche hung'olewa, ikapunguzwa mizizi na vilele, na kupandwa kwa mistari ya karibu karibu, mche hadi mche sentimita 30 hivi. Mwaka wa kwanza mavuno ni haba. Kuanzia mwaka wa tatu shamba hutoa kwa ukamilifu, na likipaliliwa vizuri huendelea kutoa kwa miaka 20 hadi 30. Chini ya mvua pekee, bila umwagiliaji, shamba linalotunzwa hutoa kilo 1,000 hadi 1,500 za majani makavu kwa hekta.

Kazi nzito ni mavuno ya Septemba na Oktoba. Mvunaji hushika matawi kwa mkono uliovaa glavu ya ngozi, maana mhina mkubwa huota miiba, na hukata kwa mundu karibu na ardhi. Matawi hulazwa shambani yakauke, yakapigwa majani yapukutike, yakafungwa kwenye magunia. Hapo ndipo mwaka mzima huamuliwa. Mvua ya siku moja ikinyesha juu ya marundo yaliyokatwa, majani huwa meusi, rangi hupungua na bei huanguka. Kwa sababu kila mwenye shamba anataka wavunaji siku hizohizo, ujira hupanda, na gharama ya kuvuna ndiyo inayokula sehemu kubwa ya pato la mkulima. Mtu asidhani mhina ni zao la kupanda na kulala.

Hata hivyo, shamba peke yake halikuijenga Sojat. Karibu na soko lake la mnada vimejipanga viwanda vya kusaga, kuchekecha na kufunga, na kutoka hapo unga wake unafika Ghuba, Ulaya, Marekani na kwetu. Mwaka 2021 jina la hina ya Sojat lilipewa hati ya kulinda asili ya bidhaa, ile inayozuia mtu wa kwingine kuuza unga wake kwa jina hilo. Wamelifanya jina la mji wao kuwa mali.

Mji wa Yazd nchini Iran unatoa funzo la namna nyingine. Majani hulimwa mbali kusini, pande za Kerman, kwenye joto zaidi, lakini yanapelekwa Yazd kusagwa kwenye mawe makubwa ya kinu, kazi iliyofanywa hapo kwa vizazi. Mji usiolima ndio uliojulikana kwa hina. Sudan nayo, kwa miaka mingi, imewauzia Waarabu wa Ghuba hina inayopendwa kwa wekundu wake mzito, ingawa vita vilivyoanza Aprili 2023 vimevuruga kilimo na njia za usafiri kwa namna ambayo hakuna mfanyabiashara wa Khartoum aliyeweza kujiandaa nayo.

Desemba 2024 UNESCO iliingiza mila na ufundi wa hina katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ombi lililetwa kwa pamoja na nchi 16 za Kiarabu, zikiwemo Oman, Yemen, Sudan na Mauritania. Kenya na Tanzania hazimo. Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba, ambako hakuna harusi inayofungwa bila hina na ambako somo humfundisha mwari huku miguu yake ikipambwa, hazikutajwa, na sioni sababu ya kukaa kimya juu ya hilo. Orodha kama ile huvuta watalii, maonyesho na fedha za mafunzo. Nchi nyingine zinaweza kujiunga na urithi uliokwisha kuorodheshwa kwa kupeleka ombi la kuupanua, na wizara zetu za utamaduni zina kila haki ya kufanya hivyo.

Turudi kwenye jani lenyewe, kwa sababu bila kulielewa mtu hataelewa bei. Rangi ya hina inatokana na kemikali iitwayo losoni. Kwa kawaida ni asilimia moja hadi mbili tu ya uzito wa jani kavu. Ndani ya jani imefungamana na sukari. Ukiukanda unga kwa maji yenye uchachu kama ya ndimu, hufunguka polepole ikatoka, kisha ikashika protini iliyo kwenye ngozi, kucha na nywele. Ndiyo maana hina nzuri ikibanduliwa huonekana ya rangi ya chungwa, ikaendelea kukoza hadi hudhurungi kwa siku mbili, na ndiyo maana viganja na nyayo, penye ngozi nene, hukoza kuliko mgongo wa mkono.

Losoni haivumilii mwanga, joto wala kukaa. Unga ulioachwa juani mbele ya duka hufifia. Unga uliosafiri ndani ya kontena kwa majuma mengi, ukakaa bandarini, ukahamishiwa ghala la mabati, hufika umeshapoteza nguvu, na mpambaji huijua hasara hiyo asubuhi ya pili mteja anapopiga simu kusema rangi haikukoza. Ili kuificha, baadhi ya wasagaji huongeza rangi ya kijani ya kiwandani unga uonekane mbichi, au kemikali za kukoleza wekundu. Kwa hiyo unga mpya, uliovunwa na kusagwa karibu na anayeutumia, una nguvu ya ushindani ambayo Sojat haiwezi kutushinda kwayo. Kwa bei hatuwezi kuwapiku. Kwa upya wa bidhaa tunaweza.

Kwa nini basi pwani iliacha jani lake? Jibu liko kwenye kinu. Hina ya bibi huchumwa, ikakaushwa kivulini juu ya jamvi, ikatwangwa kwa mchi na kuchekechwa kwa chekeche la unga wa kawaida. Rangi yake ni kali, na kwa kupaka nyayo, kucha na nywele haina kasoro. Lakini mtindo wa koni ulipoingia, maua yakawa membamba kama nyuzi, na unga wa kinuni una vijishipa vya majani vinavyoziba ncha ya koni. Mpambaji anachora, mstari unakatika. Anaminya zaidi, tonge linaruka na kuharibu ua zima. Bi harusi amekaa saa tatu hajasogea, na fundi hawezi kucheza na nafasi hiyo. Akahamia unga wa nje, uliochekechwa mara kadhaa kwa kitambaa laini. Hakuukimbia mhina wa nyumbani, alilikimbia chekeche lake.

Hapo pana fursa ya kweli, na haihitaji kiwanda kikubwa. Inahitaji mashine ndogo ya kusaga isiyochemsha unga, machekeche ya nailoni yenye matundu madogo sana, chumba kikavu, na mifuko isiyopitisha mwanga wala hewa.

Tufanye hesabu. Gramu 100 za unga mzuri, zikikandwa kwa maji ya ndimu, sukari kidogo na matone ya mafuta ya mkaratusi, hutoa uji mzito wa gramu 350 hivi. Koni ya kawaida hubeba gramu 25, kwa hiyo hapo pana koni 14, na kilo moja ya unga ni koni 140. Mavuno ya Pali yakigeuzwa kwa ekari ni kilo 400 hadi 600 za majani makavu. Tuchukue kiwango cha chini, kilo 400, kisha tuseme nusu nzima ipotee kwenye vijiti, mchanga na makapi ya chekeche. Kilo 200 zinazobaki ni koni 28,000. Makapi nayo hayatupwi, yanafaa kwa hina ya nywele, ambayo haidai ulaini wa aina hiyo.

Msomaji aitafakari hesabu hiyo kwa pande zote mbili. Upande mmoja inaonyesha kwamba jani la ekari moja, likipita mikono yote hadi kwenye koni, ni biashara halisi. Upande wa pili inaonyesha kwamba ekari chache zinatosha kulisha mji mzima. Mhina si zao la kuhamasisha tarafa nzima ipande. Afrika Mashariki ina kidonda cha mbono kaburi. Kichaka hicho nacho kilisifiwa katikati ya miaka ya 2000 kwamba kinastahimili ukame na kitawatajirisha wakulima kwa mafuta ya dizeli. Watu walikipanda, mavuno yakawa duni, wanunuzi hawakuonekana, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na shirika la GTZ la Ujerumani pamoja na washirika wake Kenya, kikiwemo kituo cha kilimo mseto cha ICRAF, ulisema wazi kwamba kwa mkulima mdogo zao lile halikuwa na faida isipokuwa akilitumia kama ua wa shamba. Mmea kustahimili ukame hakumaanishi kwamba mfuko wa mkulima utastahimili pia. Anayeanza na hina aanze na mnunuzi, ndipo arudi shambani kupanda kiasi ambacho mnunuzi huyo anakihitaji.

Sasa tuje kwenye dawa, kwani hina haijawahi kuwa pambo peke yake. Wazee wa pwani huipaka kwenye magaga ya visigino, kati ya vidole vyenye fangasi, juu ya jipu, na kwenye paji la uso la mwenye kichwa kinachogonga kwa joto. Wavuvi na wakulima wameipaka nyayoni ili ngozi iwe ngumu isipasuke. Maabara zimethibitisha kwamba losoni hudhoofisha fangasi na baadhi ya bakteria. Mwaka 2008 madaktari wa Uturuki waliripoti kwamba kundi dogo la wagonjwa wa saratani, ambao dawa ya kapesitabini ilikuwa imewababua viganja na nyayo, walipata nafuu walipopakwa hina. Hizo ni dalili nzuri, lakini hazitoshi kuandika neno dawa juu ya pakiti. Mfanyabiashara mwenye akili atauza hina kama kipodozi, aiache sifa ya tiba kwa wanaoijua, na asubiri utafiti mkubwa zaidi.

Kuna tahadhari moja ambayo kila mpambaji wa pwani anapaswa kuifahamu, na ni wachache wanaoambiwa. Baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali iliyo ya kawaida zaidi katika maeneo ya malaria, yakiwemo ya kwetu. Kwa watu hao losoni inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Mwaka 1996 madaktari nchini Marekani waliieleza hatari hiyo, na tangu hapo pameripotiwa watoto wachanga walioishiwa damu na kupata manjano baada ya kupakwa hina mwilini. Mtu mzima mwenye afya, asiye na upungufu huo, kwa kawaida hana la kuogopa kwenye hina safi. Mtoto mchanga asipakwe, hata kama ni siku ya arobaini na bibi anataka.

Linaloweza kuiua biashara hii ni jambo jingine kabisa, nalo ni piko. Hina halisi haitoi weusi. Hutoa rangi ya chungwa, nyekundu, hudhurungi, basi. Weusi unaozunguka maua ya bi harusi wetu, na ule unaochorwa kwenye mikono ya watalii ufukweni, hutoka kwenye rangi ya nywele ya unga yenye kemikali ya parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Inashika kwa chini ya saa moja, ni rahisi, na mteja huondoka amefurahi. Malengelenge huja baadaye, siku kadhaa au wiki mbili, na mara nyingine huacha makovu yanayofuata mchoro wenyewe, ua kwa ua. Mwili ukishaichukia PPD huichukia maisha yote: mtu hawezi tena kupaka rangi ya nywele, na wengine hupata shida hata na nguo zenye rangi nyeusi na baadhi ya dawa za ganzi. Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD katika rangi ya nywele pekee, isizidi asilimia 2 wakati wa kupaka, na kamwe si kwenye ngozi. Michoro myeusi iliyopimwa maabara imewahi kukutwa na zaidi ya asilimia 15. Mwaka 2006 chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani kiliitangaza PPD kuwa kizio cha mwaka. Marekani kwenyewe, mamlaka ya chakula na dawa inaitambua hina kwa nywele tu, haijaidhinisha kupakwa kwenye ngozi.

Mtalii aliyerudi nyumbani na mkono uliobabuka hasemi alipakwa piko. Anasema hina ya Kiafrika ilimchoma. Jina linalochafuka ni la hina, na fundi anayetumia jani safi hulipa deni asilolikopa. Nawaheshimu mafundi wetu na najua shinikizo la maharusi wanaodai weusi, lakini katika hili sina njia ya kati: piko juu ya ngozi ni sumu na inapaswa kuachwa. Anayetaka rangi iliyokaribia weusi ana mmea mwingine, mjagua wa Amerika Kusini, ambao tunda lake hutoa buluu iliyoiva, ingawa nao huwadhuru baadhi ya watu na ni ghali. Afadhali kumzoesha mteja uzuri wa hudhurungi iliyokoza, kama walivyofanya mafundi wengi wa Ulaya na Marekani ambao leo hutangaza hina yao kwa neno moja tu: asilia.

Wapi tulime? Wengi watafikiria visiwa kwanza, na kwa mahitaji ya nyumbani ni sawa. Kwa biashara nina mashaka. Unguja na Pemba ni mbichi mno. Majani yatakuwa mengi lakini masika ya miezi mitatu na unyevu wa bahari vitamsumbua mkaushaji kila mwaka. Ardhi inayofanana na Pali iko bara kidogo: Ganze na Magarini kaunti ya Kilifi, nyanda za Tana River, Kinango kaunti ya Kwale, na upande wa Tanzania nyika za nyuma ya Tanga. Huko mahindi hushindwa msimu baada ya msimu, joto lipo, na barabara ya kwenda pwani ipo. Mavuno yapangwe yaangukie kiangazi cha Januari na Februari, baada ya vuli kuwa imeshayajaza matawi, ili majani yakauke bila kuogopa wingu. Yakaushwe kivulini, chini ya paa la makuti lililo wazi pande zote au chini ya neti ya kivuli, juu ya turubai safi. Mchanga ukiingia hapo hautoki tena, na chekeche la fundi litausema.

Vituo vya utafiti vya karibu, KALRO Mtwapa na TARI Mlingano, vinao wataalamu wa mazao ya pwani na nyika. Kazi ya kwanza ninayoiona ni ndogo na haihitaji fedha nyingi: wakusanye vipandikizi kutoka mihina ya Lamu, Malindi, Tanga na ile ya porini, waipande pamoja, kisha wapime losoni ya kila mmoja. Mihina haifanani. Ule wa bibi mmoja unaweza kuwa na rangi maradufu ya wa jirani, na hadi sasa mkulima anachagua kwa kubahatisha. Aliyepata mche bora, auzidishe kwa vipandikizi badala ya mbegu, ili sifa isibadilike.

Soko la kwanza ni wapambaji wenyewe. Wao hununua kila wiki, wanajua ubora, na wakipenda unga mmoja hawauachi. Wakiunda ushirika wa ununuzi wanaweza kumpa mkulima wa Ganze oda ya msimu mzima kabla hajapanda. La pili ni saluni: idadi ya wanawake na wanaume wanaotaka kufunika mvi bila kemikali haipungui, na hina ya nywele hutumia unga mwingi kuliko maua ya mkono. La tatu ni hoteli za pwani, ambazo zingeweza kuruhusu ndani ya uwanja wao mafundi wanaotumia hina iliyopimwa tu. Soko la nne ni ng'ambo, kwa Waswahili wa Maskati, Dubai, London na Toronto, ambao hulipa vizuri kwa kitu cha kwao kikiwa na jina na uaminifu. Na katika uji wa koni kuna nafasi ya bidhaa nyingine ya nyumbani: mafuta ya mkaratusi yanayotengenezwa kwenye kiwanda cha makonyo ya karafuu cha Wawi, Pemba, ambayo mpambaji leo hununua ya kuagizwa bila kujua kwamba yapo ng'ambo ya mkondo.

Vikwazo ni vya karatasi kuliko vya shamba. Kipodozi kinachouzwa dukani lazima kisajiliwe na kipimwe, kwa shirika la viwango, TBS Tanzania Bara au KEBS Kenya, na mama mwenye mashine moja ya kusaga huona ada na safari za ofisini zikimshinda. Kaunti na halmashauri zingeweza kulibeba hilo kwa kusajili kituo kimoja cha pamoja, chenye mashine, chekeche na kipimo cha PPD, kila mkulima akaleta majani yake na kuondoka na unga wenye nembo ya mahali ulikotoka. Hina ya Lamu, hina ya Ganze, hina ya Tanga: majina hayo bado hayajachukuliwa na mtu.

Kwa msomaji mwenye kipande cha ardhi kavu, ushauri wangu ni kuanza msimu huu na robo ekari. Kata vipandikizi vya mhina unaoujua kuwa unakoza, vipande kitaluni miezi miwili kabla ya vuli, na kabla hujavihamishia shambani nenda kwa mpambaji wa mtaani kwako na kilo moja ya majani yaliyokaushwa na kusagwa vizuri. Akikataa, muulize kwa nini na urekebishe. Akikubali, muombe oda kwa maandishi.